Viputo

Karani ananihesabia maneno kwa ncha ya kalamu,
kama mtu anayechagua mayai.
Kila neno na bei yake, bibi, aniambia,
hata "mpendwa" hulipiwa.
Basi nakata "mpendwa". Hessel ataelewa.

Nje ya dirisha la posta ya Franeker
waya mmoja unavuka mfereji,
mwembamba, mkavu, hauna hata kunguru.
Mmoja tu!
Mjomba wangu alihitaji nyaya ishirini na tano.

Alikuwa muuza dawa, Wobbe Tjaarda,
vidole vya njano kwa asidi,
na deni kwa kila fundi wa mtaa.
Mwaka ule wa baridi kali, mimi nina miaka tisa,
alipanga sarafu za fedha na vipande vya zinki,
kitambaa cha maji ya chumvi katikati,
mpaka mnara ukawa mrefu kuliko mimi.
"Gusa," akasema. Nikagusa.
Mkono ulinicheza hadi kwapani.
"Huyo ndiye mjumbe. Hatujampa tu la kusema."

Kila herufi na waya wake,
kila waya na chupa yake ya maji.
Q aliitupa: nani atakufa kwa kukosa Q?
Hariri ya kuzivisha nyaya hatukuwa nayo,
ila gauni la harusi la marehemu mkewe.
Nililichana mimi, utepe kwa utepe,
naye akatazama pembeni
akijifanya anatafuta mkasi
niliokuwa nimeushika.

Tukazitandaza juu ya barafu
kutoka dukani hadi ghala la jibini la mjane Hoitsma.
Watoto waliokuwa wakiteleza wakaambiwa waruke; wakaruka.
Nikakaa ghalani na mshumaa,
chupa ishirini na tano mbele yangu
kama darasa lililoulizwa swali gumu,
nikingoja mmoja anyooshe mkono.

Muda mrefu, harufu ya jibini tu. Panya.
Kisha, ndani ya S, kiputo,
kidogo kama jicho la dagaa.
Kikapanda, kikapasuka bila sauti.
Kimya. Kimya kirefu mno.
Kisha O. U. K.
Kimya tena.
E.

Souke.
Waya wa J ulikuwa umebanwa na barafu, ukakatika.
Nikatoka mbio, sina hata kofia,
nikipiga kelele kwamba maji yameniita,
maji yameniita kwa jina
na yana kithembe!

Bwana kutoka wizarani alikuja mwezi wa Machi.
Aliangalia viputo kama anayeangalia supu ya mwenzake.
Serikali, alisema, ina mikono ya mbao juu ya minara,
inapunga habari mchana kutwa, na hewa haidai kodi.
"Na ukungu ukishuka?" mjomba aliuliza.
"Ukungu ukishuka, Bwana Tjaarda, taifa husubiri."
Akavaa glavu zake.

Mjomba hakusema neno. Alizikunja nyaya,
akazilaza chini ya mbao za sakafu,
akarudi kwenye dawa za kikohozi.
Ila tangu siku ile hadi alipokata kauli
hakuniita Sjoukje tena, hata mara moja,
hata mbele ya mchungaji.

Wiki hii nyumba yake inavunjwa.
Nilifika kabla ya mafundi.
Shaba imeota kijani, hariri inabaki vidoleni kama vumbi la nondo.
Nilipekua mpaka nikaupata ule wenye jeraha.
Sasa umo kikapuni, chini ya vitunguu.

Karani anasoma: *Nyumba imevunjwa. Waya wa J ninao. Souke.*
Maneno saba.
"Lakini jina, bibi, umeliandika pungufu.
Bei ni ya neno, si ya herufi. Ziandike zote."

"Ziko njiani," namwambia. "Ziliganda."

Ananitazama kama vijana wanavyowatazama vikongwe,
kisha kidole chake kinaanza kugonga: tak, tak-tak,
kikavu, haraka, bila hata tone la maji.
Karibu na kiwiko chake ipo glasi aliyoinywa nusu.
Naikodolea macho.
Anagonga. Naikodolea macho.