Barua ya Benki

Mama bado hunitajia ile barua ya benki, Masindi:
kiti cha kuzunguka, feni,
mshahara kila tarehe ishirini na nane.
"Usome miaka yote hiyo uje uvae gambuti?"

Alfajiri naingia Budongo, umande hadi mapajani,
nahesabu viota vya sokwe,
naandika kwa penseli, maana wino na mvua havipatani.
Siafu hunikagua kuliko meneja yeyote.

Mwezi huu malipo yamechelewa. Sifichi:
chumvi nimekopa kwa Kunihira.

Barua ninayo. Nimeikunja ikawa bahasha,
ndani yake mbegu za mkangazi
zinangoja mvua ya Machi.

Jana mama akauliza, huku akichambua mtama,
kama asiyetaka jibu:
"Hizo, huota baada ya siku ngapi?"