Bomba Likiwa Baridi

Saa nane za usiku niliamshwa na sauti kisimani,
nyembamba, kama mbu aliyefungiwa ndani ya sufuria.
Maji yalikuwa yamekwisha tangu isha.
Boya, lile linalopaswa kuzima umeme,
lilikuwa limenasa kwenye kamba ya ndoo.

Fundi Kupi alifika Langoni na mswaki mdomoni.
Hakuuliza bei wala mwaka.
"Imekaa kavu saa ngapi?"
Nikahesabu kwa vidole, nikapunguza mbili,
kama mtu anayemtajia daktari sigara zake.

"Hii haina feni, Mwanakheri.
Feni yake ni maji yale yale inayoyasukuma."

Akaifungua kiwandani, juu ya gunia la unga.
Sili imepasuka.
Pangaboi limelegea upande mmoja, nta ya mshumaa.
Kisha akaileta koili puani, akafumba macho,
akanusa kama anayetafuta ukoko chini ya wali,
akanusa tena.
"Shaba haijaungua."
Sikujua anaisifu pampu au ananisuta mimi.

Alipokuwa akisugua kutu alinisimulia
habari ya Twalib na masanduku yake ya buluu:
Hizi, mabwana, hata bila maji zinadumu!
Kupi alinunua moja, akaifunga mezani pale pale dukani,
akaiwasha bila tone,
akaweka kiganja juu yake, akahesabu.
Dakika ya kwanza watu walicheka.
Ya nne akabadilisha mkono.
Ya saba akauondoa.
Pampu ikaendelea peke yake
mpaka ya kumi na tisa, na bado ilizunguka,
duka zima likinuka rangi mbichi.
"Si imedumu?" akasema Twalib.
"Imedumu," akajibu Kupi. "Sasa itie kisimani."
Ikanguruma. Haikupandisha hata kikombe.

Yangu ilirudi chini na sili mpya,
na pangaboi la pampu nyingine, marehemu.
Tangi lililojaa kwa nusu saa
sasa linataka dakika arobaini na mbili.
Ina kigugumizi inapoanza. Nimekizoea.

Ila silali kabla sijashuka ngazi
kulishika bomba linapotoka ukutani, kwenye matumbawe.
Likiwa baridi, chini kuna maji,
nami napanda.

Usiku huu lina vuguvugu.
Nimeacha viatu juu.
Naitafuta swichi kwa mkono wa kushoto,
wa kulia bado uko bombani,
unahesabu.