Kiti cha Kumi na Saba

Viti arobaini nimevisuka kwa gugumaji,
lile lile lililoziba ghuba mwaka ule
mashua za baba zikakaa wiki tisa kama zimepandwa,
nasi tukala omena ya deni kwa Mama Awiti
mpaka akawa akituona kwa mbali anafunga dirisha.

Sasa linaitwa malighafi.
Nalivuna Usoma, maji kiunoni, mguu ukipapasa
kwanza konokono, kisha tope, kisha Mungu.
Nalianika siku saba; likinyeshewa, naanza moja.
Niliomba elfu mbili kwa kiti. Hoteli ikataja elfu moja.
Tukakutana katikati, yaani karibu na kwao.

Siku ya ufunguzi nilialikwa. Kadi ilisema: mdau.
Wadau tuliketishwa hemani, kwenye plastiki,
tukahesabiwa soda.
Mheshimiwa alitamka "fursa" mara kumi na nne.
Dorsila, kando yangu, alikuwa akihesabu kwa vidole;
vilipokwisha akaazima vyangu.

Choo cha wadau kilikuwa na foleni.
Nikapitia ukumbini, nikaviona:
vimepakwa vanishi, vimeelekezwa ziwani,
vimetulia kama mabinti walioolewa kwa wenye uwezo
wanaojifanya hawamjui mama.

Ila cha kumi na saba kiliniita.
Kwik, mguu wa kushoto,
chini ya mgeni mmoja mnene aliyekuwa akimpiga picha kiboko
(kumbe ni jiwe).
Kwik. Usiku ule Okinyi alikuwa na homa:
mkono mmoja nasuka, mmoja namkanda,
fundo moja nikaliruka nikidhani nitalirudia.

Nikapiga goti palepale kwenye vigae.
Askari akaja mbio: Mama, huku ni kwa wageni.
Nikamwambia, ngoja, huyu akianguka
utalii wenu utaanguka naye.

Mgeni aliinua mguu kama mtoto anayevishwa kiatu.
Nilivuta, nikakaza, nikakata uzi kwa meno.
Akauliza, ni mmea gani huu, mzuri hivi?
Nikamwonyesha dirishani:
ghuba nzima imechanua zambarau,
na katikati yake boti mpya ya watalii,
bendera juu, injini inalia,
haiendi popote.

Jumatatu nilipeleka ankara.
Kurekebisha fundo moja: shilingi mia mbili.
Mhasibu akaigeuza, akatazama nyuma, hakuna kitu.
Nani alikuagiza? akauliza.
Nikamjibu: kiti.