Kisima Kisichokuwapo

Nyumba zetu za Mkomani zimejengwa kwa sitara:
daka la mgeni, kisha kona, kisha kona tena,
ili jicho la mpita njia lijikwae kabla ya kufika.
Kuta nene dhiraa nzima, za matumbawe na chokaa.
Madirisha hayatazamani.
Ila kiwanda, ua wa ndani, kiliachwa wazi juu,
kwa kuwa juu yuko Mola tu,
na Mola hafichwi.

Ndipo ikazaliwa ndege isiyo na bunduki.

Bunduki waliing'oa, wakajaza petroli mahali pake.
Wakaifuta rangi ya vita, wakaipaka samawati,
wakazisugua mbawa kwa nta mpaka inzi ateleze,
maana kila kijipele cha rangi huiba maili.
Tumboni wakaitia kamera mbili, zimeinama
kama wanawali waliotahayari.
Rubani akaambiwa: Hupigani. Unatazama, unakimbia.

Filamu zilisafishwa Nairobi, gizani,
na Famau Shekuwe, kaka wa nyanya yangu,
aliyeandikishwa jeshini kwa kuwa mikono yake haikutetemeka.
Usiku mmoja visiwa vikapita katika beseni lake,
Faza, Siyu, Manda na mikoko yake,
halafu mji ukajitokeza majini, paa baada ya paa,
akautambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha nyumbani.
Akashika lenzi.
Pale, kiwanda chao. Pale, mtungi. Pale, doa,
na kivuli cha doa, na mkono wa kivuli umeinuliwa:
Mwanaheri, dada yake, anachana nywele juani.

Futi elfu ishirini. Nukta moja ya sekunde.
Hata mshenga aliyeleta posa
hakuwahi kumwona kichwa wazi.

Famau akachukua sindano, akaikwangua filamu.
Palipokwanguliwa huchapika peusi.
Asubuhi afisa akauliza, "Nini hiki?"
"Kisima, bwana."
Afisa akaandika: kisima.

Ndege ile ikapata wajukuu. Nimesoma habari zao.
Mmoja mweusi, mrefu, wa madini ya titani,
mbio zake zaishinda risasi.
Ardhini alivuja mafuta kama nyungu mbovu,
kwani nyufa za mwili wake ziliachwa makusudi:
angani mwendo ulimchemsha, akavimba, akajiziba.
Makombora yaliyomfuata yalifika pale alipokuwa.
Adui hakumwangusha. Alishushwa na makarani wa hesabu,
na vile vizungukavyo juu zaidi,
visivyolala wala kudai posho.
Sasa amesimama ukumbini, katika nchi ya baridi,
watoto wanalamba aiskrimu chini ya bawa lake.

Kama aliwahi kutupita, sijui. Nani angejua?

Najua hili: mwaka wa sabini na tatu wapimaji wa maji walipiga hodi
na ramani iliyonakiliwa kutoka ramani iliyonakiliwa.
"Mama, tunatafuta kisima cha humu."
"Humu hamna kisima."
"Kimo, mama. Serikali imekiandika."
Nyanya akajifunga ushungi, akawapitisha kona ya kwanza,
kona ya pili, wakatokea uani.
Wakagonga sakafu kwa chuma.
Mmoja akasema pengine kilifukiwa,
mwingine akatega sikio chini kama mganga.
Famau alikuwa dakani na kikombe cha kahawa,
akikohoa kikohozi kisicho cha kifua.

Hakumwambia hadi walipozeeka wote wawili.
Picha aliitoa katika Juzuu, ukingo umeliwa na mende,
akaweka kidole kando ya doa, asiliguse.
Nyanya aliitazama muda mrefu.
Nilidhani atalia, au atamlaani.
Akauliza, "Nywele zilikuwaje?"

"Mbichi," akasema Famau.
"Ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kuoga."