Mtoto wa Meza

Meza niliinunua duka la misaada, Barabara ya Dalton,
pauni nane, miguu minne mizima,
lakini mbele, mahali pa droo, tundu tupu.
Nikaipandisha ngazi peke yangu, ikigonga kuta,
nikaiambia: wewe meza tasa, ngoja, tutakuzalisha.

Mbao hazikunisumbua. Vitanda vikuukuu hapa Barrow
hutupwa kando ya lango, mvua ikivicharaza.
Chaga zake ni msonobari,
na msumeno ulipoing'ata ya kwanza
harufu ikanirudisha Mafinga, karakana ya kaka Lutengano,
ambako mimi kazi yangu ilikuwa kuzoa maranda ya jikoni.
Randa yenyewe sikupewa kuishika.

Pande nne nilizikata usiku wangu wa mapumziko.
(Usiku mwingine nageuza wazee vitandani
wasipate vidonda.)
Kukata si kazi. Kazi ni kona.
Ukiibana hii, ile inafumuka,
ukiishika ile, hii inateleza na gundi yake
kama sabuni. Mikono miwili, kona nne.
Nilijaribu goti. Nilijaribu kidevu.

Vibano vya dukani, vinne: pauni thelathini na nane.
Nikavitazama, vikanitazama.
Nikarudi kwenye plaiwudi iliyokuwa mgongo wa kabati,
nikachora kwa pembe ya barua ya kodi
(hakuna kitu kilichonyooka kama barua ya kodi),
nikakata vipande vinne, umbo la kiwiko,
nikavizungushia kamba ya kuanikia
na kuisokota kwa mwiko mpaka ikalia.

Asubuhi, kibano na droo vilikuwa kitu kimoja.
Gundi haijui yupi mtoto, yupi mkunga.
Nikavitenga kwa patasi na matusi ya Kihehe.

Ukuta wetu ni mwembamba. Doreen Postlethwaite,
wa nyumba ya pili, akaja na kopo la biskuti
lisilo na biskuti: bolti ndefu, nati zenye masikio.
Za Alf, marehemu. Miaka thelathini na mmoja
alitengeneza vitanda vya mabaharia ndani ya nyambizi.
"Nyumbani," akasema Doreen, "hata rafu sikupata."
Halafu, akishika kiwiko changu cha plaiwudi juu ya taa:
"Toboa hapa, ndani, penye pembe.
Gundi ipate pa kutokea."

Nikatoboa, kila kiwiko tundu la upana wa sarafu.
Nikavisugua kwa mshumaa.
Bolti zikapita toka kiwiko hadi kiwiko,
nikakaza nati kwa zamu,
robo hapa, robo kule,
kama mtu anayegawa uji
kwa watoto wanaochunguliana bakuli.
Uzi, pembe hadi pembe: sentimita sitini na moja.
Pembe nyingine: sitini na moja na kidogo.
Nikaikaza hiyo kidogo.

Ilikuwa Novemba, na gundi haipendi baridi.
Nikaleta yote chumbani, nikayafunika koti,
nikaweka chupa ya maji moto ubavuni
na kwenda zamu. Saa tisa za usiku,
nikimgeuza Bwana Braithwaite na akili iko kwenye nati,
nikaona mikono yangu inamshika vilevile:
robo hapa, robo kule.

Vibano viliachia bila ugomvi.
Droo ilikwama mara ya kwanza, nikaiparuza, ikaingia.

Doreen akaja kuona. Nikamwambia kwetu hiki
huitwa mtoto wa meza.
Akaivuta. Akairudisha. Akaivuta.
Ana mwana mmoja, yuko Perth, hupiga simu Krismasi.
Hakusema kitu juu ya hilo. Aliuliza tu
kama chaga za kitanda zimebaki,
na kama vile viwiko vinne
kesho vina kazi.