Ufunguo wa Kabati

Jumamosi, darasa la tano B, Igombe.
Walimu kumi na mmoja tumebanwa kwenye madawati ya watoto,
magoti yanagonga mbao.
Muuguzi Generosa kaja na mto wa kitandani:
ndio paja la mtoto, leo.
"Shika kwa ngumi. Kidole gumba kisikae juu.
Choma ubavuni mwa paja, hata kupitia sketi.
Usichomoe upesi. Hesabu."
Tukahesabu kwa sauti,
kama la kwanza na vijiti vyao.

Masalu akacheka:
kalamu gani hii isiyosahihisha?

Mimi sikucheka.
Nilikuwepo siku ya kashata za karanga.
Nkwimba alikuja mezani kwangu akijikuna shingo,
midomo imetuna, pumzi inapiga mluzi.
Nikampa maziwa.
Nikamwambia, kaa kivulini, itapoa.
Pikipiki ya muuza dagaa ilimwahisha zahanati;
akili yangu haikumwahisha popote.
Sasa yuko la sita.
Hunipokea daftari kwa mikono miwili,
na hilo ndilo linaloniuma.

Kabla hatujatawanyika Generosa akauliza,
"Dawa inakaa wapi?"
Kabatini.
"Ufunguo?"
Kwa mwalimu mkuu.
"Naye?"
Magu. Msibani.

Huko ziwani injini ikakohoa, ikazima.
Masalu, yule yule wa kicheko,
akatoka kutafuta nyundo.
Akapigilia msumari kando ya kengele,
akaniita nije nisimame pale, nipimwe,
maana katika sisi wote
mkono wangu ndio mfupi.