Kiti cha Mlangoni

Wa kwanza alikuwa na saa ukutani, juu ya kichwa changu,
akaisoma kuliko alivyonisoma.
Wa pili, yule wa nyuma ya soko,
alinipa aya tatu na karatasi ya kujaza:
Je, unalala? Tia alama.
Nikatia. Nikarudi nyumbani, nisilale.

Kwa Khainza nilikwenda shingo upande,
nauli ya bodaboda nimekopa kwa dada,
jibu nimeshalipanga mdomoni: sijambo.

Hakuuliza tatizo.
Aliuliza ningependa kukaa wapi.
Nikachagua mlangoni. Akasogeza kiti chake
asiwe kati yangu na njia.

Ndipo mvua ikaanza, hii ya Mbale,
inayoshuka mlimani kama inadai deni.
Mabati yakapiga kelele.
Mikono yangu ikajua kabla yangu.
Tangu udongo ulipomfunika Wamono na ng'ombe wake
sijamweleza mtu mvua ni nini.

Hakusema Mungu ana mpango.
Hakuandika.
Alikaa nami mpaka mabati yakachoka,
kisha, taratibu:
"Huyo Wamono, alikuwa anachekaje?"

Miaka miwili watu wananiuliza alikufaje.

Nikamwonyesha. Kwa pua, mabega juu,
kama mbuzi aliyepaliwa na chumvi.
Tukacheka wawili, na mimi nikaendelea
hata kicheko kilipokwisha kuwa kicheko.

Alhamisi narudi.
Huenda nisiuhitaji mlango.
Lakini kiti, tafadhali, kibaki palepale.